Kamati ya bunge la kaunti ilitufungulia faili, jopo la mazingira likasimamisha jengo

Ghorofa ikianza kuinuka mahali msipotarajia, ushauri wa kwanza mtakaousikia mtaani ni "mwendeeni MCA". Ni ushauri mzuri, ila ni nusu ya safari. Mwakilishi wa wadi na kamati yake katika bunge la kaunti wana uwezo wa kumwita afisa, kumhoji na kumtaka alete karatasi zake hadharani. Hawana uwezo wa kufuta leseni wala wa kumwondoa fundi kwenye msingi. Uwezo huo uko kwingine, na huko siku zinahesabiwa, ujue usijue. Mimi na majirani zangu tulipita njia zote mbili kwa wakati mmoja. Ninaandika kwa ajili ya mtu ambaye mabati yamezungushwa juzi kwenye ploti ya jirani yake na bado anajiuliza abishe mlango upi.

Kaunti yetu siitaji, wala afisi yoyote kati ya zile tulizosumbuana nazo, kwa sababu mengi yalimalizwa kwa maelewano na ningependa yabaki hivyo. Ploti yenyewe iko kando ya mto mdogo unaopita nyuma ya mtaa. Kwa miaka mingi palikuwa na mboga na nyasi za ng'ombe. Masika ya 2024, yale yaliyoleta mafuriko Nairobi na sehemu nyingi za Kenya, yaliuleta mto huo hadi milangoni mwa nyumba za chini. Juu ya hilo, bomba letu la maji taka lilichimbwa zamani kwa ajili ya nyumba za familia moja moja. Mvua ikizidi vifuniko huinuka na uchafu hutapakaa kwenye njia ya watoto wa shule. Basi tuliposikia kwamba pale mtoni panakuja nyumba za kupangisha za ghorofa saba, tuliingiwa na hofu ya kweli. Mwalimu mmoja mstaafu, jirani yangu wa miaka mingi, alitukumbusha Huruma. Aprili 2016, usiku wa mvua kubwa, jengo la ghorofa liliporomoka pale Nairobi kando ya mto na kuua makumi ya watu, na lilikuwa limeshatajwa kuwa si salama kukaliwa. "Lilitajwa," akasema, "halafu nani akafuatilia?"

Swali lake ndilo lililotuongoza muda wote.

Tulianza na picha. Kila asubuhi mtu mmoja alipita akapiga picha ya mabati upande wa barabara, simu ikionyesha tarehe. Wakati ule sikuona faida yake. Baadaye picha hizo zilikuwa na thamani kuliko hotuba zetu zote, kwa sababu sheria ya Kenya inayosimamia upangaji wa maeneo na matumizi ya ardhi, ya mwaka 2019, inamtaka anayeomba kibali cha ujenzi aujulishe umma na kuwaalika watu wapeleke pingamizi zao kwa waziri wa kaunti anayehusika. Pasipo tangazo, mwenye ploti ana jambo la kueleza. Lakini kusema "hatukuona tangazo" ni neno lako dhidi ya lake. Picha za wiki kadhaa mfululizo zenye mabati matupu ni ushahidi.

Kuna kifungu kingine katika sheria hiyohiyo ambacho watu wengi hawakijui na ambacho kilinishtua nilipoelezwa. Mwombaji akikaa siku 60 bila kupata jibu la maandishi, kibali kinachukuliwa kuwa kimetolewa. Yaani kimya cha afisi hakimrudishi nyuma mjenzi, kinampitisha. Kwa hiyo ukisikia kwamba "ombi bado liko mezani", usirudi nyumbani ukalale. Peleka pingamizi lako kwa maandishi siku hiyohiyo, hata kama hujapata karatasi zote, ili faili isikae na upande mmoja tu.

Baada ya picha, tulitafuta karatasi. Watu wengi huanza kwa kwenda afisini kuuliza kwa mdomo, wanazungushwa, wanachoka. Sisi tuliandika barua fupi tukitaja Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016, ambayo inaipa afisi ya umma siku 21 kujibu. Tuliomba vitu kwa majina yake: nakala ya kibali cha ujenzi na masharti yake, tarehe kilipotolewa, ushahidi wa tangazo kwa umma, na kumbukumbu za ukaguzi wa kiwanja. Ukiandika "tunaomba habari zote kuhusu jengo" utajibiwa kwamba ombi lako halieleweki.

Siku ya kupeleka barua nilikwenda na mwalimu. Kijana wa mapokezi alimwambia kwa upole, "Mama, faili hiyo haiko hapa, rudi wiki ijayo." Mwalimu akamjibu, "Mwanangu, leo sikuja kuchukua faili. Nimekuja kuchukua muhuri." Alisimama palepale hadi nakala yetu ikagongwa muhuri wa kupokelewa, tarehe ikiwemo. Tangu siku hiyo hatukuwahi kuacha barua popote bila muhuri. Afisi ikinyamaza au ikikataa, unaweza kupeleka lalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi wanaijua kama Ombudsman, na kule watakuuliza kwanza: barua yako ilipokelewa lini?

Afisi haikutujibu ndani ya muda. Hapo ndipo tulipomwendea MCA, na nadhani ndio wakati ufaao. Tukienda mikono mitupu angeweza kutuahidi tu kwamba atalifuatilia. Tulikwenda na barua yenye muhuri, siku 21 zimepita, na picha zenye tarehe. Kitu cha kuuliza bungeni kilikuwa tayari mkononi mwake.

Hapa nieleze nani anashika nini, maana mtaani mambo haya huchanganywa na mkanganyiko huo ndio unaomaliza muda wa watu. Upangaji na maendeleo ya kaunti, pamoja na nyumba, ni kazi ya kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba. Kibali cha ujenzi kinatoka huko. Leseni ya mazingira inatolewa na NEMA, ambayo ni mamlaka ya kitaifa. Kingo za mito zina sheria za maji na mamlaka yake, WRA. Mjenzi na mradi wake wanasajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Bunge la kaunti linasimamia serikali ya kaunti: Kifungu cha 185 kinalipa kazi hiyo, na Kifungu cha 195 kinaipa kamati uwezo kama wa Mahakama Kuu wa kumwita mtu yeyote aje atoe ushahidi au alete nyaraka. Lakini kamati ya bunge la kaunti haiwezi kuiamuru NEMA ifute leseni. Wakazi wengi hukaa miezi wakisubiri kamati ifanye jambo ambalo haina mamlaka ya kulifanya, huku jengo likifika ghorofa ya tatu.

Na wakati wanasubiri, milango mingine inafungwa. Aliyetendewa vibaya na uamuzi wa kibali cha ujenzi ana siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya upatanishi ya upangaji wa kaunti, iliyoundwa chini ya sheria ya 2019, na asiporidhika anakwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Anayepinga leseni ya NEMA ana siku 60 za kukata rufaa kwenye jopo la kitaifa la mazingira, ambalo mawakili huliita NET. Siku 14 ni chache mno kwa watu ambao hata tarehe ya uamuzi hawajaambiwa. Kwetu zilikuwa zimekwisha kabla hatujaiona karatasi. Siku 60 za leseni ndizo zilizotubakizia nafasi, na zilikuwa zinayoyoma.

Kwa hiyo tuligawana kazi. Kundi moja likaandika ombi la kwenda bunge la kaunti, linaloitwa ardhilhali, na lingine likaanza kutafuta wakili wa kwenda kwenye jopo. Ninaomba msomaji azingatie hapa zaidi kuliko mahali pengine pote: mambo mawili hayo yasiandikwe kwa maneno yaleyale. Ardhilhali inatakiwa kueleza kama suala liko mbele ya mahakama au chombo kama hicho, na likiwa huko kamati itasita kuligusa. Mpangaji miji mmoja aliyekuwa amefanya kazi na mabunge ya kaunti alitushauri tuligawe suala lenyewe. Kwenye jopo tukapeleke leseni ya mradi huu. Bungeni tukapeleke mwenendo wa afisi ya upangaji: kwa nini hakukuwa na tangazo, kwa nini barua haikujibiwa, nani hukagua ujenzi kando ya mito, na mara ya mwisho alikagua lini. Kwa njia hiyo kamati iliendelea na kazi yake hata baada ya rufaa kufunguliwa. Upande wa pili ulipodai kwamba jambo liko mbele ya jopo, mwenyekiti alisoma ombi letu kwa sauti na kuonyesha kwamba leseni haikutajwa ndani yake hata mahali pamoja.

Haki ya kupeleka ardhilhali iko katika kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Utaratibu wake ni wa kawaida lakini ni mkali. Ombeni kwa karani wa bunge kanuni za bunge lenu kabla hamjaandika, kwa sababu karani ana haki ya kuwarudishia ombi lililokosewa. Linaweza kuandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza. Lisiwe na mkwaruzo wala maneno yaliyoongezwa juu ya mstari. Lieleze mlichokwisha kufanya kutafuta suluhu, na limalizike kwa kusema wazi mnataka bunge lifanye nini. Kila anayetia sahihi aandike jina, anwani na nambari ya kitambulisho. Sahihi ziwe zimewekwa moja kwa moja kwenye karatasi ya ombi. Jirani mmoja alikuwa amekusanya sahihi nyingi kwenye daftari la shule, kurasa nzuri kabisa, akataka tuzikate na kuzibandika. Haikubaliki. Ilibidi kupita nyumba kwa nyumba upya, na baadhi ya watu mara ya pili walikataa.

Tulibishana pia kuhusu lugha. Wengine walitaka tuandike kwamba afisa fulani amekula pesa. Hatukuwa na ushahidi wowote wa hilo, na tuliliondoa. Mngeona jinsi chumba cha kamati kilivyo ndipo mngeelewa: afisa akituhumiwa bila ushahidi, kikao kizima kinageuka kuwa cha kulinda jina lake, na swali la tangazo linasahaulika. Sisi tuliuliza mambo ambayo jibu lake ni karatasi.

Siku ya kikao tulikaa nyuma, wengi wetu hatujawahi kuingia mle. Afisa wa upangaji alisema tangazo lilibandikwa kwenye kiwanja kama inavyotakiwa. Mjumbe mmoja akamuuliza, "Lilibandikwa upande gani?" Akasema upande wa barabara. "Kuna picha?" Akapekua faili. Tuliyaona mabega yake yakipanda na kushuka. Karatasi ziligeuzwa moja baada ya nyingine, hadi ya mwisho. Picha haikuwamo. Mwenyekiti akaomba zetu. Kikao kilichofuata waziri wa kaunti mwenyewe alikuja, kwa wito, na faili yote ikawekwa mezani. Ndipo tulipoiona kwa mara ya kwanza.

Faili ile ilikuwa na mambo mawili. Kibali kilikuwa na masharti ambayo hakuna aliyekuwa anayafuata: jengo likae mbali na ukingo wa mto, na mwenye mradi awe na barua ya kampuni ya maji inayothibitisha kwamba bomba litabeba mzigo huo. Barua haikuwepo. Na ndani yake kulikuwa na nakala ya ripoti ya mazingira, yenye fomu za maoni ya majirani mwishoni. Tulizisoma pamoja, mwalimu akivaa miwani yake. Fomu zote zilijazwa kwa mwandiko mmoja, kwa kalamu moja ya buluu, na katika kila moja mtaa wetu ulikosewa herufi ileile. Moja ilitoka kwa nyumba ambayo wakati huo haikuwa na mpangaji. Nyingine ilikuwa na nambari ya simu yenye tarakimu tisa. Maoni yalikuwa mafupi: mradi utaleta ajira. Mwalimu alizikunja polepole akasema, "Hapa mimi nimekubali, na sijaulizwa." Nilisikia hasira ambayo sijaisikia kwa miaka mingi, na nilishukuru kwamba tulikuwa mbele ya watu wa kuandika yanayosemwa.

Fomu hizo ndizo tulizozipeleka kwenye jopo. Wakili alitueleza kuhusu Lamu: Juni 2019 jopo hilohilo lilifuta leseni ya mazingira ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, baada ya wakazi wa Lamu kulalamika, na sababu kubwa ilikuwa kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo. Mradi wetu ni mdogo sana ukilinganisha, lakini msingi ni ule ule. Ripoti inayosema majirani walihojiwa lazima iwe imewahoji. Alitueleza pia kwamba kwa Kifungu cha 70 cha Katiba mtu anayedai haki ya mazingira safi hahitaji kuonyesha kwamba yeye binafsi ameumia. Hilo liliwapa moyo wapangaji, ambao walikuwa wakisema jambo hili ni la wenye nyumba.

Jambo moja nalisisitiza kwa yeyote anayekwenda kwenye jopo: kufungua rufaa peke yake hakusimamishi ujenzi. Omba amri ya kusitisha kazi pamoja na rufaa, kwa hati ya dharura, na uambatishe kitu kinachoonyesha kwa nini haiwezi kungoja. Sisi tuliambatisha kipimo. Kanuni za maji zinaweka ukanda wa ukingo wa mto kati ya mita 6 na mita 30, kutegemea upana wa mto. Mpangaji miji alishika utepe upande mmoja na kijana wa mtaa akashika upande mwingine, na pale mto ulipokaribia zaidi, shimo la msingi lilikuwa mita nne na kidogo kutoka ukingoni. Picha moja ya utepe ule ukionyesha nambari ilisomwa na kila mtu mle ndani bila haja ya maelezo. Amri ya kusitisha kazi ikatoka.

Sasa gharama, kwa sababu watu huuliza na wengi huficha. Mpangaji miji alitutoza shilingi 30,000 kwa kusoma michoro, kupima na kuandika ripoti. Wakili alianza na amana ya 100,000, na ikaongezeka kesi ilipoendelea. Nakala, nauli na viapo vilikula zaidi ya tulivyodhani. Tulipanga kila nyumba itoe 3,000. Nyumba nyingi zilitoa, nyingine zilitoa 500 na tukazipokea kwa shukrani, na wachache walibeba mzigo wa wengine. Pesa zote zilipita kwenye simu ya mweka hazina mmoja na kila risiti ilipigwa picha ikatumwa kwa kikundi siku hiyohiyo. Bila hivyo tungekuwa tumegawanyika mapema sana, maana uvumi kwamba viongozi wa wakazi "wameshaonekana" na mwenye ploti, yaani wamehongwa, ulianza hata kabla ya kikao cha kwanza. Mjue pia kwamba mkishindwa mnaweza kuamriwa kulipa gharama za upande wa pili. Waambieni watu hilo kabla hawajatia sahihi.

Gharama nyingine haina risiti. Mtoto wa jirani yangu alikuwa amepata kazi ya kubeba kokoto pale. Amri ilipotoka, alirudi nyumbani bila kibarua, na mama yake hakunisalimia kwa muda mrefu. Sikumlaumu. Mume wangu alinisihi niache baada ya simu za usiku kuanza, mtu asiyejitambulisha akiuliza kama watoto wangu wako salama. Niliogopa, na sitajifanya jasiri. Tuliripoti polisi tukachukua nambari ya OB, kitabu chao cha matukio, na kuanzia hapo hakuna barua iliyobeba jina la mtu mmoja. Zote zilitoka kwa chama cha wakazi, kilichosajiliwa, na sahihi za watu watatu. Sajilini chama kabla hamjaanza. Ni kinga kwa aliye mbele, na barua za chama haziwekwi kando kirahisi kama za mtu mmoja.

Mwisho wa rufaa ulikuwa makubaliano yaliyoandikwa na jopo likayapitisha. Jengo lilisogezwa nyuma ya ukanda wa mto, likapunguzwa hadi ghorofa tano, litakuwa na mtambo wake wa kusafisha maji taka, na ushirikishwaji wa umma ukarudiwa, safari hii kwa mkutano wa hadhara ambao mwenyewe nilihudhuria. Baadhi ya majirani walitaka lisijengwe kabisa na mpaka leo wanaona tulilegea. Mimi naona watu wanahitaji nyumba za kupanga, na tulichokuwa tunakitetea ni mto na bomba. Tofauti hii tungeizungumza mwanzoni kabisa, kila mtu aseme wazi anataka nini, ingepunguza uchungu mwishoni.

Ripoti ya kamati ya bunge ilikuja baadaye, na ilikuwa nzuri kuliko nilivyotarajia. Ilipendekeza orodha ya maombi ya vibali ibandikwe kwenye afisi za wadi, na kila ujenzi ulio karibu na mto ukaguliwe kabla ya msingi kumwagwa. Bunge likaipitisha. Lakini mapendekezo ya kamati hayajitekelezi. Mabunge mengi yana kamati ya utekelezaji, na tuliiandikia tukiuliza kila pendekezo limefika wapi. Orodha sasa inabandikwa, si kila wiki, ila inabandikwa. Ukaguzi bado unasuasua, na sababu iliyotolewa kikaoni ni kwamba wakaguzi ni wachache na gari ni moja.

Jibu hilo ndilo lililotupeleka kwenye bajeti, mahali ambapo hatukuwa tumewahi kufikiria kwenda. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Makadirio ya bajeti hufika kufikia Aprili 30, na mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1. Kati ya tarehe hizo kuna vikao vya maoni ya umma ambavyo viti vyake hubaki vitupu. Mwaka uliofuata tulikwenda na ukurasa mmoja: ripoti ya kamati yenyewe, mstari kuhusu wakaguzi, na ombi kwamba idara ya upangaji itengewe pesa za kuajiri. Waziri hakuweza kusema hajui tatizo, kwa sababu yeye ndiye aliyelieleza mbele ya kamati na Hansadi, kumbukumbu rasmi ya yanayosemwa bungeni, ilikuwa imemwandika. Nafasi mbili ziliwekwa kwenye bajeti. Moja imejazwa.

Kazi iliyo mbele yetu sasa ni ya mtambo wa maji taka. Mradi wenye leseni ya mazingira hufanyiwa ukaguzi na ripoti yake hupelekwa NEMA, na mtambo unaweza kuwa mzuri siku ya kufunguliwa na ukazimwa baada ya miezi kwa sababu ya bei ya umeme. Barua ya kuomba nakala ya ukaguzi wa kwanza tumeshaiandika, kwa kifungu kilekile cha 35, na nakala yetu ina muhuri.